Maisha ya Siti binti Saad na Suala la Uhakiki wa Mtu Mmoja na Uhakiki wa Ushirika katika Nyimbo za Taarab

1.0 Utangulizi

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi hao hukutana naye kwa mara ya kwanza katika kurasa za Shaaban Robert, wala si katika sahani za santuri zilizompa umaarufu. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lina uzito katika taaluma ya uhakiki. Mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa sauti, na ambaye hakupata elimu ya shule, amewafikia wasomi kwa njia ya kalamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyimbo zake zina maana gani, inafaa kuuliza ni nani aliyeieleza maana hiyo, na aliipata wapi.

Katika uchambuzi wa nyimbo pendwa kumekuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya mhakiki mmoja ambaye huwa na matini mbele yake, akaisoma, akaipima kwa vigezo vya fani na maudhui, kisha akatoa hukumu kwa jina lake mwenyewe. Ya pili ni ya ushirika. Katika njia hii mtafiti huketi na wapigaji, watungaji na wasikilizaji, na maana hujengwa kwa mazungumzo yao. Wanaotetea njia ya kwanza hukumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Wanaotetea ya pili hujibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Makala hii inayafuata maisha ya Siti binti Saad ili kulipima suala hilo katika mfano mmoja mahususi. Hoja yake ni kwamba nyimbo za Siti zilikuwa kazi ya ushirika tangu kutungwa hadi kusikilizwa, na kwa sababu hiyo maana yake haiwezi kupatikana kikamilifu kwa kusoma maneno peke yake. Lakini maisha hayohayo yanaonyesha pia kwamba ushirika huo ulikuwa na mtu katikati yake, na kwamba uchambuzi unaomsahau mtu huyo kwa kulitukuza kundi hupoteza jambo lisiloweza kurudishwa.

2.0 Kutoka Fumba hadi Mjini

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Wazee wake walikuwa watu wa nasaba ya utumwa wenye asili ya bara, na yeye mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha. Katika Unguja ya wakati ule lilikuwa tangazo la daraja ambayo mtoto alitazamiwa kukaa nayo maisha yake yote. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, Siti alipokuwa msichana mkubwa. Sheria ilifuta hadhi hiyo katika vitabu vya serikali, lakini haikuifuta katika ndimi za watu, wala katika namna walivyokaribishwa barazani au kunyimwa nafasi ya kukaa.

Kijijini alijifunza kufinyanga vyungu, kazi iliyokuwa ya wanawake wengi wa shamba. Alivichukua vyungu hivyo mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti njiani. Masimulizi ya maisha yake yanakubaliana kwamba sauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wamgeukie kabla hawajamjua jina. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba shule yake ya kwanza ya uimbaji ilikuwa njia ya wachuuzi, mahali ambapo sauti hupimwa papo hapo na wasikilizaji. Mnunuzi aliyesimama alikuwa amekubali, na aliyepita alikuwa amekataa.

Mnamo mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Mji aliouingia ulikuwa umegawanyika. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na upande wa pili, ng'ambo ya hori, ulikuwa mtaa wa Ng'ambo, ambako wengi wa watu waliotoka utumwani na wahamiaji kutoka bara walijenga nyumba zao za udongo na makuti. Muziki wa mji ulikuwa umegawanyika vivyo hivyo. Taarab ilikuwa imeingia katika kasri wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliendelea kuimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Mwaka 1905 ilianzishwa klabu ya Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wanachama wake walikuwa wanaume waliopenda kujifunza ala na nyimbo kwa mtindo wa Misri. Ng'ambo kulikuwa na ngoma za aina nyingi, zilizoimbwa kwa Kiswahili, za wanawake na za wanaume.

Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, ndiye aliyekitambua kipaji cha Siti na kuanza kumfundisha. Kutokana na mafunzo hayo alipata kujua ala, mahadhi na taratibu za uimbaji wa taarab. Hivyo, mwanamke wa Fumba alijipatia elimu ya muziki wa mabwana bila ya kuipoteza elimu ya njia na ya ngoma. Kuunganishwa kwa elimu hizo mbili katika koo moja ndiko kulikozaa taarab ya Kiswahili iliyosikika baadaye pwani nzima. Na ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Watu waliomwita hivyo walikuwa wametoa tafsiri yao ya kwanza juu ya kazi yake, na tafsiri hiyo ilikuwa ya ushirika.

3.0 Kundi na Utungaji wa Pamoja

Siti hakuimba peke yake. Kundi lake lilikuwa na wanaume mashuhuri kwa haki yao wenyewe. Miongoni mwao walikuwa Subeit bin Ambar, Mwalimu Shaaban, Mbaruku Effandi na Budda bin Mwendo. Hawa hawakuwa wapigaji tu wa kumsindikiza mwimbaji. Walitunga, waliimba, walipokezana sauti, na walileta habari kutoka pembe mbalimbali za mji. Mazoezi yalifanyika nyumbani kwa Siti nyakati za usiku, na majirani walihudhuria. Kwa hakika, tofauti kati ya mazoezi na maonyesho haikuwa kubwa. Mtu aliyekuja kusikiliza aliweza kucheka, kusahihisha jina, kukumbusha tukio, au kunyamaza mahali ambapo watungaji walitazamia kicheko. Wimbo uliotoka hapo ulikuwa umeshapita katika vinywa na masikio mengi.

Hali hii inalifanya swali la mtunzi kuwa gumu. Katika uhakiki wa ushairi andishi, mtunzi hujulikana. Shairi la Muyaka bin Haji hujadiliwa kama shairi la Muyaka hata kama limepokewa kwa mdomo. Wimbo wa kundi la Siti, kwa upande mwingine, waweza kuwa na maneno ya mmoja, mahadhi ya wa pili, na beti zilizoongezwa usiku ambapo habari mpya ilifika. Mhakiki anayesema kwamba Siti anasema hivi au anaamini vile, kwa kutegemea beti moja, anachukua hatua ambayo ushahidi hauibebi. Siti aliyatoa maneno hayo kwa sauti yake, na kwa kuyatoa aliyakubali, lakini kuyakubali si lazima kuwe ndiko kuyatunga.

Pamoja na hayo, ziko nyakati ambapo mtu binafsi ndiye anayejitokeza mbele. Umaarufu wa Siti uliwaudhi baadhi ya watu, na zilitolewa nyimbo za kumkejeli. Alisimangwa kwamba alikuwa mtu wa shamba aliyeingia mjini kwa miguu mitupu, na kwamba sura yake haikuwa ya kupendeza. Siti alijibu kwa wimbo. Maudhui ya jibu lake ni kwamba sura na nasaba si kipimo cha utu, na kwamba akili ndiyo yenye thamani. Hapa hapana budi kukubali kwamba kundi halikuweza kujibu kwa niaba yake kwa namna ileile. Maneno hayohayo yakitoka kinywani mwa Mwalimu Shaaban yangekuwa mawaidha. Yakitoka kwa mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa yanakuwa madai ya haki. Maana ya wimbo huo inategemea mwili na historia ya yule anayeuimba, na hiyo si mali ya kundi.

Ni muhimu kukumbuka vilevile kwamba malumbano hayo yalikuwa na hadhira iliyowajua wahusika wote. Majibizano katika taarab hutumia mafumbo kwa sababu msikilizaji ana ufunguo. Aliyekuwapo anajua ni nani anayepigwa kijembe, na kwa kosa gani. Asiyekuwapo hubaki na methali nzuri mkononi, asijue kwamba ni kisu.

4.0 Safari ya Bombay na Sahani za Santuri

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo zao kwa ajili ya kampuni ya gramafoni ya His Master's Voice. Walikuwa miongoni mwa wasanii wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa wakiimba kwa Kiswahili. Sahani hizo ziliuzwa vizuri kiasi cha kuzivutia kampuni nyingine kushindana katika soko la nyimbo za Kiswahili. Kuanzia hapo sauti ya Siti ilisikika katika mikahawa na majumba ya watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja.

Teknolojia hiyo ilileta mabadiliko mawili ambayo mchambuzi hana budi kuyazingatia. Kwanza, upande mmoja wa sahani ya wakati ule ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Wimbo ambao usiku, mbele ya watu, ungeweza kurefushwa kwa kurudiwa na kuongezewa beti, ulilazimika kukatwa uingie katika muda huo. Kwa hiyo, matini inayonukuliwa kutoka katika santuri si wimbo mzima, bali ni umbo moja la wimbo lililokubaliana na mashine. Pili, sahani ilimtenga msikilizaji na mwimbaji. Mtu wa Mombasa au wa Tanga aliyesikia jina la mtu wa Ng'ambo katika wimbo hakuwa na jirani wa kumwuliza. Alijenga maana yake mwenyewe, au aliijenga pamoja na wenzake waliozunguka gramafoni.

Hivyo basi, santuri ndiyo iliyowezesha uhakiki wa mtu mmoja. Kabla yake, wimbo haukuweza kusikika bila ya watu kukusanyika. Baada yake, mtu mmoja aliweza kuuchukua wimbo nyumbani, akausikiliza mara kumi, akayaandika maneno na kuyapima vina na mizani. Faida ya jambo hili ni kubwa, na bila yake nyimbo nyingi za Siti zingekwisha kusahauliwa. Lakini faida hiyo ilikuja pamoja na kishawishi cha kuidhania sahani kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Safari ya Bombay ilifanyika katika mwaka ambao wakazi wa Ng'ambo walikuwa katika mgogoro mkubwa kuhusu kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Wengi waligoma kulipa. Wasikilizaji wa karibu wa Siti walikuwa watu walewale waliokuwa wakiuliza kwa nini ardhi waliyoikalia iwe na mwenyewe mwingine. Si lazima kila wimbo wa kundi uwe unasema habari ya kodi. Hata hivyo, neno kama haki, au hakimu, lilipoimbwa mbele ya hadhira ya namna hiyo, halikuweza kusikika kama neno la kamusi.

5.0 Mfano wa Wimbo wa Kijiti

Wimbo unaojulikana kwa jina la Kijiti unafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Tukio lililouzaa, kama linavyokumbukwa Unguja, ni la mwanamke mgeni kutoka bara ambaye alitoka matembezi ya usiku pamoja na wenzake, akaangukia mikononi mwa mwanamume aitwaye Kijiti, akauawa. Mwanamume huyo alivuka bahari na kukimbilia bara, nje ya mkono wa sheria ya Unguja. Walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, ambao walifika mbele ya hakimu kama mashahidi.

Mhakiki aliye na maneno ya wimbo peke yake ana sababu ya kuufasiri kama onyo. Wimbo unataja mwanamke, matembezi na kifo. Fasihi ya Kiswahili ina utanzu wa zamani wa mawaidha kwa wanawake, na ni rahisi kuuweka wimbo huu katika fungu hilo. Kwa njia hiyo lawama huwaangukia marehemu na wenzake, na fundisho huwa kwamba mwanamke mwema hukaa nyumbani. Usomaji huo haupingani na sarufi wala na kanuni za fani. Unaweza kuandikwa vizuri, ukapata alama nzuri.

Lakini unapingana na watu. Wasikilizaji waliojua kwamba mwuaji alikimbia na mashahidi wakaadhibiwa hawakusikia onyo kwa wanawake. Walisikia mashtaka dhidi ya mahakama. Kwao, jina la Kijiti lilipotamkwa tena na tena, lilikuwa ni hukumu ambayo hakimu alishindwa kuitoa. Mtu aliyeiepuka jela hakuweza kuiepuka sahani ya santuri, ambayo ilivuka bahari ileile aliyoivuka yeye.

Tofauti kati ya fasiri hizi mbili si ya ladha. Katika fasiri ya kwanza wanawake wanahukumiwa mara ya pili, safari hii na mhakiki. Katika fasiri ya pili wanatetewa. Kilichowezesha fasiri ya pili ni kumbukumbu ya watu wengi. Maneno ya wimbo hayakuongezeka hata moja. Mwanafunzi anayedhani kwamba uchambuzi wa ushirika ni anasa ya watafiti wenye muda na fedha anapaswa kuutazama mfano huu kwa makini, kwa sababu gharama ya kukosea hapa inalipwa na marehemu na mashahidi wake.

6.0 Miaka ya Mwisho na Kalamu ya Shaaban Robert

Siti aliendelea kuheshimiwa hadi uzeeni. Aliimba mbele ya wakubwa na mbele ya majirani zake, na waimbaji wa kike wa baada yake walipita katika njia aliyoifungua. Mmojawapo alikuwa Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Huyo aliimba nyimbo za Siti, pamoja na Kijiti, kwa miongo mingi, akiwapelekea hata wasikilizaji wa ng'ambo ya bahari. Uimbaji huo nao ulikuwa uchambuzi, kwa kuwa kila anayeuimba upya wimbo huchagua beti gani abakize na wapi atie mkazo.

Muda mfupi kabla ya kifo chake Siti alitembelewa na Shaaban Robert, ambaye alikusanya habari za maisha yake kutoka kwake mwenyewe. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na umetolewa tena mara kadhaa kama kitabu. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1962.

Kazi hiyo ni mfano bora wa njia ya mtu mmoja, kwa uzuri wake na kwa upungufu wake. Shaaban Robert alikuwa mwanamaadili. Aliyatazama maisha ya Siti kama ushahidi kwamba utu hauzuiwi na uzazi wala na sura, na kwamba juhudi humwinua mnyonge. Lugha yake ni ya kupimwa, na kila tukio analigeuza kuwa funzo. Wapigaji na watungaji wenzake Siti wamo, lakini wamekaa pembeni ya picha. Mji wa Ng'ambo, pamoja na kodi zake, mahakama zake na uvumi wake, unasikika kwa mbali tu. Msomaji anatoka na Siti aliye mfano wa kuigwa, lakini hatoki na Siti aliye mmoja wa watu wa mtaa waliokuwa wakiteta usiku juu ya hakimu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuishia katika lawama. Shaaban Robert alifanya jambo ambalo hakuna kundi lililolifanya kwa wakati wake. Alikwenda, akaketi, akamsikiliza mwanamke mzee akisimulia maisha yake, kisha akayapa hadhi ya kitabu katika zama ambapo wasifu wa mwanamke wa asili ya utumwa haukuwa jambo la kawaida katika maandishi ya Kiswahili. Kama angesubiri mpaka ipatikane kamati ya utafiti, Siti angekufa bila ya kuulizwa. Dhamana ya mtu mmoja ina haraka yake na ujasiri wake, na wakati mwingine hiyo ndiyo inayookoa.

7.0 Kutoka Kalamu Moja hadi Mikono Mingi

Mwaka 1966 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam kilitoa kitabu kiitwacho Waimbaji wa Juzi. Kitabu hicho kinawahusu Mwalimu Shaaban, Siti binti Saad, Mbaruku Effandi na Budda bin Mwendo, na kinabeba majina manne ya waandalizi: A. A. Jahadhmy, S. Matola, Mw. Shaaban na W. H. Whiteley. Mambo mawili yanajitokeza tangu katika jalada. Kwanza, Siti hatajwi peke yake, bali amerudishwa katikati ya wenzake. Pili, jina la Mwalimu Shaaban limo katika orodha ya waimbaji na pia katika orodha ya waandalizi. Mpaka kati ya mchambuzi na mchambuliwa, ambao katika kazi ya Shaaban Robert ulikuwa wazi, hapa umelegezwa.

Katika miaka iliyofuata njia ya ushirika ilipanuka. Mwaka 1991 Issa Mgana alitoa kitabu chake kuhusu jukwaa la taarab Zanzibar, kilichoitazama taarab kama utamaduni wa vikundi na hadhira zake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kazi zake za mwaka 1998 na 2001, alizisoma nyimbo za Siti kwa kuziweka pamoja na kumbukumbu za nyaraka na mazungumzo na wazee wa Unguja. Ni kwa njia hiyo nyimbo kama Kijiti zilisomwa tena kama mjadala wa watu wa Ng'ambo kuhusu haki, jinsia na daraja. Nje ya vyuo, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Hiyo nayo ilikuwa fasiri, tena ya pamoja: wanawake wenye kalamu walimchagua mwanamke asiye na kalamu awe mwanzilishi wa kazi yao.

Lakini njia ya ushirika ina hatari zake, na ni vema zitajwe bila ya haya. Wazee waliozungumza na watafiti mwishoni mwa karne ya 20 walikuwa wamepitia Mapinduzi ya mwaka 1964. Mtu anayekumbuka miaka ya 1920 akiwa upande wa pili wa tukio kubwa kama hilo huweza, bila ya kukusudia, kuzitia nyimbo za zamani siasa za baadaye. Aidha, katika kila baraza kuna mwenye sauti kubwa na kuna mnyamavu, na makubaliano ya kundi mara nyingi huwa ni maoni ya mwenye sauti kubwa. Mwisho, kundi halitii saini. Likikosea, hakuna wa kuulizwa. Mhakiki mmoja huweza kupingwa kwa jina lake, na taaluma husonga mbele kwa kupinga kwa namna hiyo.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Siti binti Saad hayatoi ruhusa ya kuchagua njia moja na kuitupa nyingine. Yanatoa utaratibu wa kuzigawa kazi. Maswali kuhusu tukio lililouzaa wimbo, wahusika waliofumbwa, na namna hadhira ilivyoupokea, ni maswali ya ushirika, na mhakiki anayeyajibu akiwa peke yake anabahatisha. Maswali kuhusu umbo la matini, mpangilio wa vina na mizani, na kilichopotea wimbo ulipoingizwa katika dakika tatu za santuri, yanahitaji utulivu wa mtu mmoja na sikio lake. Ama hukumu ya mwisho, yaani kauli kwamba wimbo huu unamtetea fulani au unamdhulumu, haina budi kutolewa na mtu mwenye jina, baada ya kuwasikiliza wengi, ili awepo wa kujibu akikosea.

Utaratibu huo ndio uliofuatwa nyumbani kwa Siti kabla haujapata jina katika vyuo. Habari zililetwa na wengi, beti zilipimwa na wengi, na majirani walicheka au walinyamaza. Kisha sauti moja ilisimama na kuuimba wimbo, nayo ikabeba lawama na sifa. Watafiti wa muziki wa dansi, wa taarab ya kisasa na wa muziki wa kizazi kipya wanao bado waimbaji, wapigaji na wasikilizaji walio hai wa kuwauliza. Kwa upande wa Siti mlango huo umekwisha kufungwa. Waliomsikia akiimba katika Ng'ambo ya miaka ya 1920 wamekwisha kwenda, na kila jina lililofumbwa katika nyimbo zake ambalo halikuulizwa kwa wakati wake limekwenda pamoja nao.